Mwimbaji Mpya Hana Kesi ya Kujibu

Ukitoka hapa Kista, Stockholm, kwa miguu hadi kituo cha Helenelund na kupanda treni iendayo Märsta, kituo cha tano ni Upplands Väsby. Ni mji wa kawaida wa pembezoni mwa Stockholm, na mtu anaweza kuupita miaka nenda miaka rudi bila kujua kwamba amepita kwenye shina la muziki wa roki wa Sweden. Hapo ndipo ilipotoka Europe, waliotoa The Final Countdown mwaka 1986, wimbo ambao hata asiyesikiliza roki amewahi kuusikia mahali fulani. Mwezi Juni mwaka huohuo bendi nyingine ya mji huohuo, Candlemass, ilitoa albamu yake ya kwanza, Epicus Doomicus Metallicus. Wao hawakupata umaarufu wa wenzao. Wanapiga metali ya mwendo wa polepole: magitaa mazito yanayoburuta, ngoma zisizo na haraka, na juu yake sauti ya kiume inayopanda kama inasali. Lakini ndani ya aina hiyo ya muziki, dunia nzima inawahesabu kuwa miongoni mwa walioijenga.

Nawaandikia habari zao kwa sababu mgogoro unaowazunguka tangu nilipowafahamu ni mgogoro ambao sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunaujua vizuri, ingawa tunauona kwa jicho tofauti kabisa. Ni mgogoro wa mwimbaji mpya kwenye bendi kongwe.

Kista ina makampuni mengi ya simu na kompyuta. Ericsson walihamishia makao yao makuu hapa mwaka 2003, na ukiingia kwenye migahawa ya mchana utawakuta wahandisi wenye mvi ambao ujana wao ulikuwa kwenye kumbi za roki za miaka ya themanini. Ni watu wapole, wa sauti ya chini, wanaosubiri zamu yao ya kusema. Wape jina la Candlemass, halafu taja mwimbaji yeyote ambaye si Messiah Marcolin, uone upole unavyoondoka. Mmoja atakuambia kwamba bendi ilikufa mwaka 1991, siku Marcolin alipoondoka, na kilichofuata ni watu wengine waliovaa jina lake. Mwingine atasema Robert Lowe, aliyekuja kuimba baadaye, ni mwimbaji bora kuliko Marcolin, ila hakupaswa kuwa pale. Nimemsikia mtu mzima akisema hajawahi kuisikiliza albamu aliyoimba Lowe mwaka 2007 na hana mpango wa kuisikiliza, na kwamba anajua ni mbaya.

Sasa tazama historia yenyewe. Marcolin, aliyekuwa akipanda jukwaani na joho la mtawa na nywele zilizotimka, anayetajwa kuwa ndiye sauti ya kweli ya bendi, hakuwa wa kwanza. Albamu ile ya 1986 iliimbwa na Johan Längqvist, aliyeitwa kurekodi tu na hakutaka kujiunga moja kwa moja. Marcolin aliingia kwenye albamu ya pili, Nightfall, mwaka 1987. Kwa hiyo huyo anayeliliwa kama mwenye nyumba naye alikuja akakuta kiti cha mtu. Ni vile tu mashabiki wengi waliifahamu bendi akiwa tayari amekikalia.

Baada yake akaja Thomas Vikström, mtoto wa mwimbaji wa opera, akaimba Chapter VI mwaka 1992. Albamu ile ilipuuzwa, na miaka miwili baadaye bendi ikavunjika. Ilipofufuka mwishoni mwa miaka ya tisini, aliyeshika maikrofoni alikuwa Björn Flodkvist. Mwaka 2002 kikosi cha zamani kikarudiana, Marcolin akiwemo, na albamu yao ya 2005 ikachukua tuzo ya Grammis, tuzo kubwa ya muziki ya Sweden. Mwaka uliofuata Marcolin akaondoka tena. Hapo ndipo alipoitwa Robert Lowe kutoka Texas, wa bendi ya Solitude Aeturnus, na mwaka 2007 ikatoka King of the Grey Islands. Lowe aliimba albamu tatu. Mwaka 2012 akaachishwa, albamu yake ya tatu ikiwa ndiyo kwanza inatoka, kwa maelezo kwamba maonyesho yake jukwaani hayaridhishi. Nafasi yake ikachukuliwa na Mats Levén. Na mwaka 2018, miaka 32 baada ya albamu ya kwanza, akarudi yuleyule Längqvist ambaye mwanzoni hakutaka kazi.

Katika zamu zote hizo kuna mtu mmoja ambaye mashabiki hawamtaji wanapogombana. Ni Leif Edling, mpiga besi. Ndiye aliyeianzisha bendi, na karibu nyimbo zote, za waimbaji wote hao, ametunga yeye. Maneno aliyoimba Marcolin hadi watu wakalia ni ya Edling. Maneno aliyoimba Lowe ni ya Edling. Kama albamu ya 2007 ni mbaya, mtu wa kwanza kuulizwa ni mpiga besi, na anayeulizwa siku zote ni mwimbaji, kwa sababu mdomo ndio unaoonekana.

Hili kwetu lisingetokea, na sababu zake zinastahili kuelezwa vizuri, maana si kwamba sisi tuna moyo mpana kuliko Waswidi.

Msikilizaji wa dansi wa Dar es Salaam alizoea kuona waimbaji wakihama. Muhidin Maalim Gurumo aliimba na NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, ile ambayo baadaye ikawa Juwata, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mwaka 1978 akaondoka kwenda kuianzisha Mlimani Park, yaani Sikinde, mahasimu wakubwa wa kule alikotoka. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akawachukua wanamuziki sita wa Sikinde kwa mpigo, Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar wakiwemo, akaunda upya Orchestra Safari Sound na mtindo wa Ndekule. Baadaye Gurumo akarudi Msondo, akakaa hapo hadi alipostaafu mwaka 2013, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Hassan Rehani Bitchuka naye, mwenye sauti ile nyembamba inayopanda hadi unadhani itakatika, ameimba pande zote mbili za uhasimu huo. Mashabiki walinuna, walizomea, wengine walihama naye. Lakini sijawahi kusikia mtu akisema kwamba Sikinde ilikufa mwaka 1985. Sikinde ilikuwa ni mtindo, na mtindo ulikuwa mikononi mwa watu wengi kwa pamoja: mpiga solo, wapiga tarumbeta, mpiga tumba, na safu nzima ya waimbaji mbele.

Safu hiyo ndiyo jambo la kwanza. Bendi ya dansi husimamisha waimbaji watatu, wanne, wakati mwingine zaidi. Mmoja huanzisha, wenzake huitikia, na kwenye kiitikio sauti zao hukaa pamoja hadi huwezi kuzitenganisha. Mgeni akija, haji kusimama peke yake. Anaingia kati ya watu ambao masikio ya mashabiki yanawajua tayari, anaimba sauti ya pili kwa muda, halafu siku moja anapewa ubeti. Bendi ya roki haina sehemu hiyo ya kujificha. Ina mdomo mmoja. Ukibadilika, umebadilika wote kwa usiku mmoja.

La pili nililitambua hapa Kista, nilipokuwa nikiwasikiliza wale wahandisi. Kwetu, mwimbaji mpya alisikika ukumbini kwanza. Bendi ilipiga wiki hadi wiki, na watu walimwona, wakacheza akiimba, wakamzoea au wakamkataa. Ndipo baadaye, bendi ilipokwenda Radio Tanzania Dar es Salaam kurekodi, sauti yake ikatoka redioni. Wimbo wenyewe nao ulikuwa umeshapikwa ukumbini mbele ya haohao mashabiki, ukarekebishwa kwa kuangalia miguu yao. Rekodi ilithibitisha jambo ambalo mji ulikuwa umeshalikubali. Kwa shabiki wa roki mambo huanza kwa upande wa pili. Kwanza anasikia tangazo kwamba fulani ameondoka. Halafu kimya cha mwaka mzima, ambamo yeye na wenzake wanaomboleza na kukisia. Halafu inakuja albamu, kitu kilichokamilika, kisichorekebishika tena, na sauti ya mgeni iko masikioni mwake, peke yake chumbani, jirani kabisa na zile albamu alizozipenda akiwa na miaka kumi na saba. Mtu aliyekutanishwa na mgeni kwa namna hiyo, siwezi kumlaumu akikunja uso.

Kwa hiyo huzuni yao naiheshimu. Ninachopinga ni hukumu wanayoitoa kwa sababu ya huzuni hiyo, na kinachoniuma zaidi ni kwamba wanamhukumu mwimbaji kwa nyimbo ambazo hakuandikiwa. Ukimsikiliza shabiki anayemkataa Lowe, mifano yake yote inatoka kwenye nyimbo za Marcolin: hapa hakufika juu, pale alivuta tofauti. Candlemass wenyewe walichangia kosa hilo. Baadhi ya nakala za King of the Grey Islands zilikuja na nyongeza ya Lowe akiimba Solitude, wimbo wa Längqvist wa 1986, na At the Gallows End wa Marcolin wa 1987. Nadhani nia ilikuwa njema, kuonyesha kwamba mgeni anaweza. Matokeo yake ni kumpa kila mwenye kinyongo mizani ya kumpimia papo hapo, kabla albamu mpya haijaingia hata mara moja masikioni. Nyimbo mpya za albamu ile ziliandikwa zikiwa chini kidogo, zenye giza zaidi, zikiacha nafasi kwa sauti yake iliyokwaruzika, sauti ya mtu anayeshuhudia tu wakati Marcolin alikuwa anahubiri. Humo ndimo Lowe anamostahili kuhukumiwa, na humo, kwa masikio yangu, anashinda.

Kuna bendi moja kubwa ambayo mfano wake unatugusa Waswahili moja kwa moja, kwa kuwa mwimbaji wake alizaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Freddie Mercury alifariki Novemba 1991. Mwaka 2008 Brian May na Roger Taylor, wakishirikiana na Paul Rodgers, aliyekuwa mwimbaji wa Free na Bad Company, walitoa The Cosmos Rocks. John Deacon, mpiga besi, alikuwa ameshastaafu. Walikuwa waungwana: jaladani waliandika Queen, wakaweka alama ya kujumlisha, wakaandika Paul Rodgers, ili mtu asidanganywe, na albamu wakaitoa kwa heshima ya Freddie. Ilifika nafasi ya tano Uingereza. Mwaka uliofuata ushirikiano ukaisha, na leo ni wachache wanaoikumbuka.

Mashabiki wengi wanasema ilishindwa kwa sababu Rodgers si Freddie. Mimi nasema Rodgers aliimba vizuri, kwa sauti yake ya bluzi, bila kumwigiza mtu, na hilo linahitaji ujasiri. Iliyoshindwa ni kalamu. Queen ilikuwa bendi ya watunzi wanne. May ndiye aliyeandika We Will Rock You, Taylor akaandika Radio Ga Ga, Deacon akaandika Another One Bites the Dust, na Freddie akaandika Bohemian Rhapsody na We Are the Champions. Mwaka 2008 wawili kati ya hao wanne hawakuwepo. Freddie alipoondoka, bendi ilipoteza sauti na mtunzi kwa pigo moja, na hilo ndilo linalomtofautisha na Marcolin. Nafasi ya mwimbaji inaweza kujazwa. Mtunzi aliyekuwa na njia yake mwenyewe ya kuona dunia, anayekaa kwenye kiti chake lazima alete njia yake mwenyewe, na nyimbo za The Cosmos Rocks hazina njia hiyo. Ni nyimbo za roki za kawaida zilizopigwa na watu wasio wa kawaida.

Tangu mwaka 2012 May na Taylor wamezunguka na Adam Lambert, Mmarekani mwenye sauti ya ajabu, na kumbi zimejaa. Hawajarekodi naye albamu hata moja ya nyimbo mpya. Najua wengi wanaona hiyo ni hekima. Mimi inanihuzunisha. Mwimbaji wa kiwango kile amepewa miaka ya maisha yake kuimba nyimbo za marehemu, na hakuna atakayejua yeye na wale wazee wawili wangeweza kuzaa nini. Linganisha na AC/DC. Bon Scott alifariki Februari 1980, na Julai mwaka huohuo Back in Black ilikuwa madukani, Brian Johnson akiimba nyimbo mpya zilizokatwa kwa kipimo cha koo lake. Ikawa miongoni mwa albamu zilizouzwa zaidi duniani. Watu walimpokea Johnson kwa sababu walikutana naye akiwa na cha kwake mkononi.

Hapo ndipo ninapowapa Candlemass heshima kubwa kuliko wanayopewa. Kwa miaka mingi, kila mgeni aliyefika Edling alimwandikia. Vikström alipata albamu yake, Flodkvist akapata zake, Lowe zake tatu.

Isipokuwa Levén. Na hapa mashabiki wangekuwa na haki ya kupaza sauti, lakini wengi walinyamaza. Mats Levén aliibeba bendi jukwaani kwa miaka sita. Akarekodi nayo santuri mbili fupi, Death Thy Lover mwaka 2016 na House of Doom mwaka 2018. Albamu kamili haikuja. Mwaka huohuo wa 2018 akaondolewa, na The Door to Doom ilipotoka Februari 2019, sauti ilikuwa ya Längqvist. Tony Iommi wa Black Sabbath alipiga gitaa kwenye wimbo mmoja, na wimbo huo ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya Marekani. Kila mtu alishangilia kurudi kwa mwana mpotevu. Nami naipenda albamu hiyo, Längqvist anaimba kwa utulivu wa mtu aliyeishi. Lakini hao wanaozungumza sana juu ya uaminifu kwa bendi hawakumuuliza mtu yeyote kwa nini aliyefanya kazi ngumu ya kuzoesha masikio hakupewa siku ya mavuno. Ukimkosoa mwimbaji kwa kuingia, mkumbuke basi anapotolewa.

Na sisi? Tunapenda kujisifu kwamba dansi letu halikumtegemea mtu mmoja. Ilikuwa kweli. Mwimbaji TX Moshi William alipofariki mwaka 2006, Msondo walizika, wakalia, wakarudi ukumbini. Lakini nendeni leo kwenye onyesho la bendi hizo kongwe, au kwenye sherehe za Waswahili wenzangu huku Ulaya, msikilize kinachoombwa. Kijana anasimama mbele, ana sauti safi, hakuwa amezaliwa nyimbo zile ziliporekodiwa, na meza kwa meza watu wanamtaka aimbe Gurumo, aimbe Bitchuka, aimbe Moshi. Akithubutu kuanzisha wimbo wake, watu wanakwenda kununua vinywaji. Tumemkubali yeye, tumekataa kazi yake. Wale wahandisi wa Kista angalau wanakasirika kwa sababu kuna albamu mpya ya kukasirikia.

Upplands Väsby hawajachoka. H.E.A.T, bendi ya vijana wa huko, ilianza na Kenny Leckremo, mwaka 2010 ikamchukua Erik Grönwall, mshindi wa shindano la Idol la Sweden la mwaka 2009, ikatoa naye albamu kadhaa, na mwaka 2020 Leckremo akarudi. Mashabiki wameshagawanyika, kila kundi na albamu zake, na ubishi huo ni mzuri kuliko ule wa Candlemass kwa sababu ni ubishi wa albamu kwa albamu. Kila upande una nyimbo zake za kuweka mezani.

Anayetaka kuijua Candlemass, akiniuliza aanzie wapi, namshauri asianze na Solitude wala na lolote la Marcolin. Aanze na Emperor of the Void ya mwaka 2007, Robert Lowe akiimba, aisikilize hadi mwisho na kuirudia, na baada ya hapo arudi nyuma hadi 1986 kwa mpangilio autakao.